Chunya: mtambo wa kuchenjua marudio juu ya kisima cha kijiji. Tudai nini kabla ya mkutano mkuu?

Mjumbe_Lupa aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Nipo kwenye halmashauri ya kijiji, wilaya ya Chunya. Kuna mwekezaji (jina naliacha) anaomba ridhaa ajenge matangi sita ya kuloweka marudio (mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ila bado una dhahabu) kwa sayanaidi, ile kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Eneo alilooneshwa liko kwenye mteremko, kama mita 150 juu ya kisima cha pampu, na chini yake kuna korongo ambalo masika linamwaga maji Mto Lupa. Jirani pana leseni ndogo nne za uchimbaji, makarasha (mashine za kusaga mawe) kumi na moja na mialo (sehemu za kuoshea dhahabu) miwili, na huko vijana na akina mama wanaosha kwa zebaki. Marudio yao ndiyo yatakayonunuliwa.

Mkutano mkuu ni baada ya wiki tatu. Mpaka leo tumeletewa barua ya ukurasa mmoja, ahadi ya madarasa mawili, na karatasi za mahudhurio ambazo hazina kichwa. Kijiji kina nguvu gani hapa? Vipimo gani tuviandike? Na ile zebaki iliyomo ndani ya marudio ni ya nani, maana mwenye duara (shimo la kuchimbia) anasema ni ya mwenye karasha, mwenye karasha anasema ni ya mwosha, na mnunuzi anasema yeye ananunua udongo tu.

---

Karani_Mstaafu alijibu:

Mjumbe, anza na hizo karatasi. Asisaini mtu hata mmoja. Karatasi ya mahudhurio isiyo na kichwa leo ni ya semina, kesho imebanwa nyuma ya muhtasari kuwa ndiyo ridhaa ya kijiji. Kila ukurasa uwe na jina la kijiji, tarehe, ajenda namba fulani, na namba ya ukurasa katika jumla ("3 kati ya 9"). Mistari inayobaki wazi ipigwe mstari wa kufuta hapo hapo mkutanoni.

Nguvu ya kijiji: madini si ya kijiji, ni ya Taifa, na leseni inatoka Tume ya Madini. Kwa hiyo msipoteze muda kusema "hatumpi leseni". Nguvu yenu iko kwenye uso wa ardhi. Sheria ya Madini ya 2010, kifungu cha 95, inamtaka mwenye haki ya madini apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba, ndani ya mita 50 za shamba lililolimwa au lenye mazao, na ndani ya mita 100 za josho, bwawa au maji yanayotumiwa na watu au mifugo. Mita 150 zenu zimevuka ile 100 ya maji, ila angalia kama kuna nyumba ndani ya 200. Halafu kipimo kianzie wapi? Mwombaji atapima kutoka getini. Ninyi pimeni kutoka ukingo wa bwawa la topesumu (tope lenye kemikali linalotoka matangini), maana ndilo litakalovuja, geti halivuji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, ziwa au bwawa la maji. Korongo lisiachwe nje ya ramani eti kwa sababu Septemba ni kavu.

Karatasi za kudai kwanza: leseni ya uchenjuaji (si leseni ndogo ya uchimbaji, hiyo ni nyingine, haizidi hekta 10 na ni ya miaka saba), cheti cha mazingira pamoja na masharti yake yote, mpango wa usimamizi wa mazingira, kibali cha kutumia maji na cha kutiririsha majitaka kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, na usajili wa kemikali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mkiletewa cheti bila kurasa za masharti mmeletewa bahasha tupu. Mtu asipotoa, andikeni barua kwa taasisi ya umma husika mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inawapa siku 30 kujibu.

Sasa piga hesabu: mkutano ni baada ya siku 21, jibu ni siku 30. Mkutano huu uwe wa kupokea taarifa tu, uamuzi uende mkutano wa pili. Hakuna sheria inayowalazimisha kuamua siku ile ile mnayosomewa barua.

Madarasa tenganisheni kabisa. Tangu marekebisho ya 2017, mwenye haki ya madini anatakiwa kila mwaka aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya wilaya. Ni wajibu wake. Yakiwekwa kwenye ajenda moja na ridhaa, watu watapigia kura madarasa.

---

KaboniNyeusi alijibu:

Karani kamaliza upande wa karatasi, mimi nijibu lile la zebaki, kwa sababu ndilo swali ambalo wengi hawaulizi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kiambatisho chake kuhusu wachimbaji wadogo kinataja mambo manne ya kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuchoma mseto (zebaki iliyoshikana na dhahabu) wazi, kuchoma kwenye makazi, na la nne ndilo lenu, yaani kuloweka kwa sayanaidi marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Sababu yake ni ya kikemia. Sayanaidi haichagui. Inayeyusha dhahabu na inayeyusha zebaki pia. Zebaki iliyokuwa punje nzito, imelala chini ya mwalo, inageuka kuwa kitu kinachotembea na maji. Sehemu yake inashikwa na kaboni (makaa ya kunasia dhahabu), na kaboni ikifika kwenye ilusheni (kuoshwa ili iachie dhahabu) na tanuru, inatoka kama mvuke kwenye pua za wafanyakazi. Inayobaki inaenda bwawani. Likivuja, inaingia korongoni, inaingia Lupa, inaishia Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mto unaotoka. Kilichoingia kimeingia. Huko vijidudu vya matopeni vinaigeuza kuwa ile aina inayopanda kwenye samaki.

Kwa hiyo mwenye zebaki ni nani? Kwenye makubaliano yenu mwandikeni mnunuzi, tangu mzigo unapovuka geti lake. Ndiye mwenye leseni, ndiye mwenye cheti, ndiye mwenye anwani. Mkimtafuta mwosha hamtampata, kahamia mwalo mwingine. Mnunuzi naye ndiye mwenye uwezo wa kukataa mzigo mbaya, na akikataa mara mbili, tatu, mialo itabadilika yenyewe bila polisi.

Ili akatae, lazima pawe na daftari la geti: tarehe, mzigo umetoka karasha gani, tani ngapi, umepita zebaki au haujapita, saini ya muuzaji na ya mpokeaji. Mzigo uliopita zebaki umwagwe upande wake, juu ya sakafu ya zege yenye ukingo. Msidanganywe kwamba "tunaipitisha kwenye mtego inatoka yote". Zebaki iliyosagwa ndani ya karasha inakuwa unga mwembamba, inaelea na tope na kupita kwenye kila zulia. Mitego inapunguza, haimalizi.

Dawa iko nyuma, kwenye karasha. Zebaki isiingie ndani ya karasha hata tone. Saga kwa maji, pitisha kwenye ubao wenye zulia, kung'uta zulia kwenye beseni. Tani moja ya mawe inabaki ndoo chache za mchanga mzito. Hizo ndoo chache tu ndizo zikutane na zebaki, ndani ya beseni, na mabaki ya beseni yawekwe kwenye tangi la zege na yasiuzwe. Ule mzigo mkubwa uliopita kwenye zulia unabaki safi, na huo ndio mtambo unaweza kuununua.

Sasa matangi. Andikeni pH isishuke chini ya 10.5, ipimwe kila zamu kwa kipimo kilichorekebishwa, namba iandikwe ukutani mahali inapoonekana. Ikishuka, sayanaidi inaacha maji na kuwa gesi, na gesi hiyo inachemka kwenye nyuzi 26 tu. Mchana wa Oktoba Chunya unazifika bila shida. Kinachoshusha pH mara nyingi ni mawe yenye salfaidi, yale ya kung'aa rangi ya shaba: yanakula chokaa usiku kucha na asubuhi kipimo kimeanguka. Usitegemee harufu, kuna watu ambao pua zao haziisikii kabisa.

Bwawa: turubai ngumu la plastiki (HDPE) la milimita 1.5, viungio viunganishwe kwa joto, si kwa gundi, chini yake mchanga uliochekechwa ili jiwe lisitoboe. Afadhali tabaka mbili na bomba la kuonesha mvujo katikati. Bomba likitoa maji, mnajua wiki hiyo hiyo. Bila bomba mtajua kisima kikishaharibika. Na nafasi ya mvua: bwawa la mita 40 kwa 25 likipokea mvua ya milimita 100, ni mita za ujazo 100 zimeongezeka bila mtu kufungua koki, na hapo bado hujahesabu maji yanayoshuka mteremkoni. Kwa hiyo mfereji wa kukinga maji upande wa juu uchimbwe kabla ya tangi la kwanza kujengwa. Watu wa mitambo hii huuacha mwisho, halafu Januari inawaumbua.

Sayanaidi inayofika kwenye bwawa la wazi isizidi miligramu 50 kwa lita (ile inayoachia kirahisi, maabara wanaiita WAD). Juu ya hapo ndege na ng'ombe wanaanza kufa. Uzio uzuie mbuzi, si mtu peke yake.

Mwisho, mapipa. Pipa tupu la sayanaidi kijijini ni mali, mtu atalihifadhia maji au kuchachulia pombe. Masharti: lioshwe mara tatu, maji ya kuoshea yarudi tangini, litobolewe na kupondwa mbele ya mtu wa kijiji, na hesabu ya mapipa yaliyoingia ilingane na yaliyopondwa au kurudishwa. Hili ni rahisi kuliko yote na ndilo linalosahaulika kuliko yote.

---

Mwalo_Huru alijibu:

Kaboni umesema vizuri, ila kuna wanaosoma hapa watakwenda kupiga marufuku zebaki kwenye mkutano. Mkifanya hivyo wiki ijayo watu wataosha usiku, ndani ya nyumba, dirisha limefungwa. Anzeni na ritoti.

Kipande cha mseto kilichokamuliwa kwenye kitambaa, karibu nusu yake ni zebaki. Gramu 10 zikichomwa kwenye kikaango, gramu 5 hivi zimeenda hewani, juu ya nguo zilizoanikwa na sufuria ya mchana. Zebaki inachemka nyuzi 357, mkaa unafika huko bila kupuliza. Ritoti ni kikombe cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba la kushuka linalopozwa kwa kitambaa cha maji. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza. Hapa ndipo watu wanaumia: ncha ya bomba isizamishwe ndani ya maji. Ukitoa moto chombo kinapoa, kinavuta, maji yanapanda hadi kwenye chuma cha moto na kinalipuka. Ncha ikae juu kidogo ya maji, ifunikwe na kitambaa kilicholowa. Na usifungue mpaka ushike chombo kwa mkono mtupu bila kuungua. Wanaofungua kikiwa moto wanavuta mvuke wa zebaki.

Bomba la galvanaizi halifai, tumia la chuma cheusi au stenlesi.

Watu wanalalamika kwamba zebaki ya ritoti "imechoka", haishiki, kisha wanaimwaga. Haijachoka, imepata utando. Weka kwenye bakuli la plastiki pamoja na maji ya chumvi, waya wa hasi wa betri ya volti 12 uguse zebaki, wa chanya uguse maji ya chumvi, dakika kumi hivi, mahali penye hewa. Inarudi kung'aa. Mchimbaji akishaona hilo ananunua ritoti mwenyewe, maana zebaki ni hela.

Msisahau maduka ya wanunuzi wa dhahabu. Dhahabu iliyotoka ritoti bado ina asilimia chache za zebaki, na mnunuzi anaichoma tena kaunta, mjini, karibu na mama ntilie. Sheria ndogo ya kijiji isiyogusa duka imegusa nusu.

---

MajiSafi_Mby alijibu:

Naomba niongeze moja tu, ila ndilo litakalowaokoa mbele ya safari: pimeni maji kabla hajaweka tofali. Bila kipimo cha mwanzo, siku zebaki ikionekana kisimani mtaambiwa ilikuwepo tangu Wazungu walipochimba Lupa miaka ya 1930. Na kwa mialo miwili iliyopo, huenda kweli ipo.

Sehemu nne: kisima cha pampu, korongo juu ya eneo, korongo chini ya eneo, na kisima cha mtu yeyote upande wa pili wa kilima ambako mtambo hauwezi kufika. Hicho cha nne ndicho cha kulinganishia. Mara mbili kwa mwaka, Septemba au Oktoba maji yakiwa machache, na Machi yakiwa mengi. Pima pH, zebaki, aseniki, risasi, sayanaidi, salfeti na tope. Shirika la Afya Duniani linaweka zebaki kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 0.006 kwa lita, aseniki 0.01. Aseniki msiiache, miamba ya dhahabu mara nyingi huibeba yenyewe na kusaga kunaifungua.

Chupa zinaharibu kesi nyingi kuliko mawakili. Sampuli ya zebaki iwekwe kwenye chupa ya kioo iliyotiwa asidi ya nitriki na maabara. Kwenye chupa ya kawaida ya maji ya dukani zebaki inapotea kwenye plastiki na jibu linakuja "haikuonekana". Sampuli ya sayanaidi ni kinyume chake: inatiwa sodiamu haidroksaidi mpaka pH ipite 12, inakaa gizani kwenye barafu, ipimwe ndani ya siku 14. Msichanganye vifuniko. Asidi ikiingia kwenye chupa ya sayanaidi inatoa gesi, na kilichokuwemo kimeondoka. Ombeni chupa zilizoandaliwa kutoka kwa Mkemia Mkuu, kanda yake iko Mbeya mjini, au maabara ya ubora wa maji ya Wizara. Sampuli ichukuliwe watu wawili wakiwepo, wa kijiji na wa mwekezaji, wote wasaini lebo na karatasi ya kukabidhiana. Ikisainiwa na upande mmoja itakataliwa na upande wa pili, na watakuwa na haki.

Gharama alipe mwekezaji, lakini majibu yatoke maabara kwenda pande zote mbili siku moja. Andikeni hivyo hivyo.

---

Mjumbe_Lupa:

Ndaga fijo (asanteni sana) wakuu, nimechapisha yote. Bado mawili. Wapo akina mama wanaoponda mawe kwa mgao wa viroba, na watoto wanafuata mama zao baada ya shule. Na mwekezaji kasema ataleta kampuni ya ulinzi yenye silaha. Tuliandikeje bila kuwafukuza akina mama kwenye riziki yao?

---

Mama_Sheria alijibu:

Mjumbe, la watoto halina mjadala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Chunya ilishaandikwa: Human Rights Watch walitoa ripoti yao 2013 kuhusu watoto kwenye dhahabu ya Tanzania na wilaya yenu imo. Kwa hiyo mwekezaji yeyote mwenye mnunuzi wa nje anajua hatari yake, mtumieni woga huo. Lakini ukiandika "watoto marufuku" bila mahali pa kuwaweka, mama atamfungia mtoto nyumbani au atamficha nyuma ya kifusi. Kivuli chenye uzio, upande upepo unakotokea na si unakokwenda, mbali na karasha, na mtu mmoja wa kulipwa kukaa nao saa za mchana. Ni gharama ndogo kuliko turubai la bwawa.

Upepo nautaja kwa sababu ya vumbi. Kuponda kwarizi kikavu kunatoa vumbi la silika, linakaa kwenye mapafu na kulifungulia njia kifua kikuu. Kitambaa cha mdomoni hakilizuii. Maji yanalizuia: mawe yalowanishwe kabla ya kupondwa, na karasha liwe na bomba dogo la kunyunyiza. Hapa siyo lazima kununua kitu kikubwa, ndoo yenye matundu inafanya kazi. Na mama mjamzito au anayenyonyesha asiguse zebaki kabisa, inapita kondo la nyuma na kufika kwenye ubongo wa mtoto.

Mgao wa viroba: watu wanaamini mwenye mgao si mfanyakazi, kwa hiyo akiumia ni shauri yake. Si kweli moja kwa moja. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi ikiwa anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au anapangiwa saa, au anatumia vifaa vya mwingine na kadhalika; hata moja linatosha. Jina la malipo halibadilishi hilo. Andikeni kwenye makubaliano: mgao ni viroba vingapi kwa vingapi, vinapimwa kwa ndoo ipi (ndoo hiyo ipigwe rangi na ikae ofisi ya mtendaji), nani analipa matibabu, na kwamba mwajiri amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi). Hilo la ndoo mtu ataliona dogo. Ugomvi mwingi wa kwenye makarasha unaanzia kwenye ndoo.

Walinzi: daini mkataba wa ulinzi uoneshwe, idadi ya silaha na majina ya wanaoruhusiwa kuzibeba, mafunzo yao, na sharti kwamba aliyekamatwa ndani ya uzio anakabidhiwa polisi mara moja na mtendaji anaarifiwa siku hiyo hiyo. Mlinzi hana mahabusu. Tukio lolote la kuumia liandikwe kwenye daftari la malalamiko ndani ya saa 24.

Daftari hilo liwe na kurasa zilizopigwa namba, nakala mbili, moja ofisi ya kijiji na moja mtamboni. Safu: namba, tarehe, jina au "jina limehifadhiwa", lalamiko, aliyepokea, jibu, tarehe ya jibu, mlalamikaji karidhika au la. Muda mkubaliane ninyi, mimi ningeweka siku 2 kupokea na 14 kujibu. Lisiwe mlango wa kuzuia watu kwenda mahakamani. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu iko wazi kwenye hilo, kwa hiyo mkiona kifungu kinachosema "mlalamikaji hataenda kwingine", kikateni. Kwa yanayogusa haki, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko, lakini haichunguzi shauri ambalo tayari liko mahakamani. Basi fikirieni mnaanza na lipi kabla mtu hajakimbilia kufungua kesi.

---

KaboniNyeusi:

Dada umenikumbusha zahanati. Kabla tone la kwanza la sayanaidi halijaingia kijijini, dawa ya kuizuia (haidroksokobalamini, au sodiamu naitraiti na sodiamu thaiosalfeti) iwepo kituo cha karibu, na mganga awe amefundishwa kuitoa. Wakati mtu kazidiwa hakuna muda wa kufika Mbeya. Asipuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo, anayempulizia ataivuta. Na ile imani ya maziwa iondoeni vichwani mwa vijana: maziwa hayatoi sayanaidi, hayatoi zebaki, yanawapa ujasiri tu wa kusogelea tangi bila barakoa.

---

Karani_Mstaafu:

Mjumbe, hayo yote yakiingia kwenye muhtasari kama "mwekezaji atazingatia mazingira" mmepoteza kazi yenu. Kila sharti liwe na namba, mahali, mtu na tarehe. Mfano: "pH ya kila tangi isipungue 10.5, itapimwa kila zamu na msimamizi wa matangi, daftari litakaguliwa na kamati ya mazingira ya kijiji kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, ikipungua, upakiaji wa tangi hilo unasimama mpaka irekebishwe." Sharti lisilo na "ikipungua" ni pambo.

Ongezeni la kufunga. Mitambo ya kuloweka huhama marudio yakiisha, na inaacha nyuma bwawa na turubai lililochanika. Nani ataosha matangi, nani atafunika bwawa, kwa udongo wa unene gani, na fedha zake zimewekwa wapi tangu mwanzo. Nakala za muhtasari ziende halmashauri ya wilaya, Afisa Madini Mkazi, NEMC kanda (wasimamizi wa mazingira wa Taifa) na Bodi ya Bonde, kila moja ikigongwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Mwaka kesho huo muhuri ndio utakaouliza maswali.

Ile mialo miwili mtaihitaji kuigusa kwa sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inaridhia. Hiyo ni miezi, anzeni sasa.

---

Mpimaji_Njia4 alijibu:

Nimechelewa, lakini naona kila mtu anataja mita 60, 100, 200 na hakuna aliyeuliza zinapimwa kwa mfumo gani. Ramani nyingi za nchi yetu, na kuratibu (namba za kuonesha mahali) za kwenye karatasi nyingi, ziko kwenye mfumo wa upimaji unaoitwa Arc 1960. Simu yako na GPS ya mkononi inasoma mfumo mwingine, WGS84, isipobadilishwa. Tofauti ya hayo mawili kwa eneo letu ni karibu mita 300, zaidi kaskazini na kusini. Ukichukua namba za kona kutoka kwenye leseni ukazitembelea na simu, kisima kinaweza kuonekana kiko salama kumbe kiko ndani, au kinyume chake.

Angalia chini ya ramani ya mwombaji imeandikwa mfumo gani. Kama haijaandikwa, irudisheni. Kisha weka GPS kwenye mfumo huo huo, simama kwenye kona ambayo jiwe lake la mpaka lipo chini, hakiki inasoma sawa, ndipo uende kisimani. Na pima kwa utepe pia: mita 150 ni utepe wa mita 50 mara tatu na watu wawili, hauna mfumo wa kubishania.